Mume Mtawala Si Mume Mpiga Kelele

Katika michezo mingi ya kuigiza, mume anayemtawala mkewe hujulikana kabla hajafumbua kinywa. Mlango husukumwa kwa teke, fimbo huingia mbele na mwenye fimbo nyuma, macho hutolewa, sauti hupazwa mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mke hutetemeka pembeni, sahani huvunjika, na watazamaji hucheka au huguna. Pazia likisha kushuka watu husema kwamba mwigizaji ameweza. Hukumu hiyo si ya haki. Mwigizaji wa namna hiyo hakuweza, amekwepa. Alipewa mtu akaleta zimwi, na zimwi ni rahisi kuliko mtu, kwa kuwa halina haja ya kueleweka.

Ubaya wa uigizaji huo haukomi katika sanaa. Ukumbini hukaa waume na wake. Yumo mume ambaye hajapata kuinua mkono wake, lakini huhesabu senti za sokoni mbele ya watoto, hufungua simu ya mkewe kila usiku, humchagulia mashoga, humpunguzia ndugu, na humuuliza kwa upole mahali alipokuwa kati ya saa tisa na saa kumi. Mume huyu humtazama mpiga kelele jukwaani na moyo wake hutulia. Hujiambia kwamba hivyo ndivyo walivyo waume wabaya, na kwamba yeye, alhamdulillahi, si mmoja wao. Mkewe aliyeketi kando yake hufikiri vivyo hivyo, na huondoka akijilaumu kwa unyonge alioukuta moyoni mwake, maana ameonyeshwa dhuluma na dhuluma ile haikufanana na ya nyumbani kwake. Mchezo uliotungwa kushitaki umegeuka kuwa msamaha wa jumla. Mwenye kosa ametoka msafi, na aliyekosewa ametoka na shaka.

Hapana budi kwanza kutenga mambo mawili ambayo waigizaji huyachanganya. Kupiga ni tendo. Lina mwanzo na mwisho, lina alama, lina mashahidi. Kutawala ni utaratibu. Hauonekani katika jambo moja bali katika mengi madogo yaliyopangwa safu, na kila moja kati ya hayo, likitolewa peke yake, laweza kuelezwa kuwa ni hekima au mapenzi. Sheria zimekwisha kuifuata njia hii. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, ilitamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kupigwa. Sheria ya Kenya ya kulinda watu na ukatili wa nyumbani, iliyopitishwa mwaka 2015, ilikwenda mbali zaidi: ilihesabu pia mateso ya moyo na ya akili, na kunyimana mali. Katika mwaka huo huo Bunge la Uingereza lilifanya kuwa jinai mwenendo wa kumtawala na kumshurutisha mwenzi, hata kama hakuna kofi lililopigwa. Wanasheria, ambao hudai ushahidi wa kila neno, wamekubali kwamba mtawala aweza kuwa mtu mwenye sauti ya chini. Ni aibu kwa jukwaa, ambalo kazi yake ni kuona yasiyoonekana, kuachwa nyuma na mahakama.

Mfano ulio wazi kuliko yote umo katika mchezo wa Henrik Ibsen wa Norway uitwao Et dukkehjem, maana yake nyumba ya mwanasesere, ulioonyeshwa mara ya kwanza Copenhagen katika Desemba, 1879. Torvald Helmer, mume katika mchezo huo, ni mwanasheria aliyeteuliwa karibuni kuwa meneja wa benki. Si mlevi, si mzinzi, huchukia madeni, na tangu mwanzo hata mwisho hampigi mkewe hata kofi moja. Humwita Nora kwa majina ya ndege na ya kindi. Humpa fedha akiomba, na papo hapo humwambia kwamba ubadhirifu ameurithi kwa babake. Amemkataza biskuti za lozi kwa kuhofia meno yake. Hivyo mama wa watoto watatu huzila kwa kujificha, kisha hupangusa midomo kama mtoto aliyedokoa sukari. Nyumba ina sanduku la barua, na ufunguo wake hukaa kwa mume daima.

Basi katazo la biskuti liigizwe namna gani? Mwigizaji dhaifu hukunja uso, akafanya katazo kuwa amri, na watazamaji wakajua mara moja kwamba wawachukie nani. Mwigizaji hodari hutabasamu. Huinua kidole kama mtu afanyaye mzaha na mtoto ampendaye, huuliza swali lake kwa wepesi, halafu hungojea jibu kwa muda mrefu kidogo kuliko mzaha unavyohitaji. Kitisho chote kimo katika muda ule mdogo. Kadhalika ufunguo. Wako wanaoutoa mfukoni na kuutikisa ili hata mtazamaji wa safu ya mwisho aone kwamba hapa pana gereza. Helmer hajui kuwa pana gereza. Ufunguo huingia mfukoni mwake kama leso iingiavyo, bila ya kutazamwa, na kwa sababu hautazamwi na mwenyewe, macho ya Nora ndiyo yatakayoufuata, na macho ya ukumbi yatafuata macho ya Nora.

Chemchemi ya mtu huyu ni hofu, na mwigizaji asiyeitafuta hofu hiyo atafanya kazi ya bure. Nora anapomwombea Krogstad asifukuzwe kazi ya benki, Helmer hukasirishwa zaidi na wazo kwamba watu watasema meneja mpya hupinduliwa na maneno ya mkewe. Kisha hutoa sababu nyingine, nayo ni ndogo hata inachekesha: Krogstad, aliyejuana naye ujanani, humsemesha kwa mazoea mbele ya watu. Barua ya kumfukuza hutumwa pale pale. Hapa ndipo mwigizaji afunue kilichomo. Mtu huyu amejijenga kwa macho ya wengine, na mke, nyumba, watoto na hata mti wa Krismasi ni matofali ya jengo hilo. Amshikapo mkewe kwa nguvu, hushika ukuta usianguke. Mwenye kuigiza nguvu peke yake ataonyesha jiwe. Mwenye kuigiza hofu iliyo chini ya nguvu ataonyesha mtu, na mtu ndiye wa kuogopwa.

Tena Helmer hufundisha. Humfundisha Nora kucheza ngoma ya Kiitaliani iitwayo tarantella, huku akimsahihisha kila hatua. Katika sehemu ya tatu, akiwa ametoka karamuni, humfundisha hata Bibi Linde, mwanamke ambaye hamjui sana, kwamba kutarizi hupendeza kuliko kufuma, na huonyesha kwa mikono yake jinsi mkono wa mwanamke unavyopaswa kwenda. Ukumbi hucheka, na uachwe ucheke. Mwigizaji asiuharibu mzaha huo kwa kuutia sumu mapema. Watazamaji watakumbuka kicheko chao baadaye, na kumbukumbu hiyo itakuwa nzito kuliko kilio chochote.

Hatimaye barua husomwa. Siri ya Nora yafunuka: alighushi sahihi ya babake ili apate mkopo wa kumpeleka mumewe mgonjwa katika nchi ya joto. Helmer hulipuka. Humwita mwongo na mhalifu, humwondolea malezi ya watoto, na huamuru kwamba mbele ya watu nyumba ionekane kama kawaida. Mlipuko huo ndio mkubwa katika mchezo wote, na mwigizaji aliyepiga kelele tangu pazia lilipofunguka hana tena kitu cha kutoa. Amekwisha kutumia akiba. Yule aliyekuwa mpole kwa muda wote wa sehemu mbili na zaidi, neno lake la kwanza la ukali huupasua ukumbi. Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na hawakusema hivyo kwa ajili ya jukwaa, lakini hakuna fundi wa jukwaa aliyepata kusema vizuri zaidi.

Na bado hapo si mwisho. Barua ya pili hufika, hati ya deni hurudishwa, hatari hupita, na Helmer hushangilia kwamba ameokoka yeye. Kisha humsamehe mkewe. Dakika chache tu zimepita tangu alipomtupa. Waigizaji wengi huona haya juu ya msamaha huu. Huuigiza kwa unafiki, wakimkonyeza mtazamaji kana kwamba wasema: mwaona alivyo mwongo. Hilo ni kosa kubwa. Helmer husamehe kwa furaha ya kweli, kwa machozi ya kweli ikiwezekana, na katika usamehevu wake humwona mke kuwa mali yake mara mbili zaidi. Msamaha wake ukiwa wa kweli, Nora hana la kujadiliana naye, na mlango utakaofungwa nyuma ya mke huyo mwisho wa mchezo utakuwa jibu la pekee lililobaki. Msamaha ukiwa wa uongo, Nora amekimbia laghai, na kila mtu huweza kumkimbia laghai.

Mchezo wa pili unaofaa kutazamwa ni Gas Light wa Patrick Hamilton, Mwingereza, uliochezwa mara ya kwanza mwaka 1938. Manningham, tofauti na Helmer, ni mhalifu anayejijua. Kila usiku hupanda kwa siri ghorofa ya juu kutafuta vito vya thamani. Akiwasha taa za gesi huko juu, taa za chini hufifia, naye humfanya mkewe aamini kwamba ni akili yake ndiyo inayofifia. Katika sehemu ya kwanza humwahidi kumpeleka kutazama mchezo, mke hufurahi kama msichana, halafu mume huona picha haipo ukutani, humshitaki mbele ya watumishi kwamba ameificha, na ahadi hufutwa. Mwigizaji apimwe katika ahadi ile. Ikiwa ukumbi haukufurahi pamoja na mke, ikiwa hakuna hata mtu mmoja aliyesema moyoni kwamba labda mume huyu si mbaya, kuifuta ahadi hakutamuumiza mtu. Mtawala hutoa kabla ya kunyang'anya. Asiyejua kutoa jukwaani hajui kutawala.

Ugonjwa wa kumtangaza mume mbaya kwa kelele na vyombo si wa Afrika ya Mashariki peke yake. Katika mchezo wa Shakespeare uitwao The Taming of the Shrew, Petruchio humyima mkewe chakula, usingizi na nguo mpya, na kila mara hudai kwamba ni kwa sababu chakula hakikupikwa vema, kitanda hakikutandikwa vema, nguo haikushonwa vema, naye ampenda mno hata hawezi kumpa kilicho pungufu. Hampigi. Hata hivyo kwa vizazi vingi waigizaji wa Uingereza walimshikisha mjeledi ambao mtunzi hakuuandika, wakaualisha ukumbi ucheke. Mjeledi ule ulificha ukatili kuliko ulivyouonyesha, kwani macho yalitazama ngozi ya ng'ombe yakaacha kutazama sahani iliyoondolewa. Katika Othello mambo ni kinyume. Kofi limeandikwa: jemadari humpiga Desdemona hadharani mbele ya Lodovico aliyetoka Venice na barua, na Lodovico hustaajabu kwamba huyu ndiye mtu aliyesifiwa kwa utulivu. Kofi lile lina nguvu kwa ajili ya adabu iliyolitangulia mbele ya Baraza la Venice. Mwigizaji anayemfanya Othello mnyama tangu mwanzo humnyang'anya Lodovico mshangao wake, na mtazamaji pia.

Kuna jambo jingine ambalo mwigizaji mwenye kiburi hapendi kulisikia. Mume mtawala huigizwa nusu na yule anayemwigiza mke. Nyayo za mume zikisikika nje, mke huacha sentensi katikati, hunyoosha kitambaa cha meza kilichonyooka, hupunguza sauti ya watoto, huutazama mlango, huiandaa sura yake. Halafu mume huingia akitabasamu na kusalimu. Katika pengo lililo kati ya maandalizi yale na tabasamu hili mtazamaji husoma historia nzima ya ndoa. Mume hakufanya lolote, na lote limejulikana. Mwigizaji anayejaza pengo hilo kwa ngurumo huvunja kazi ya mwenzake, na ukitazama sana utaona kwamba kumfunika mwenzake kwa sauti ni utawala ule ule aliopewa auonyeshe.

Watetezi wa kelele wana hoja tatu, na kila moja yastahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza ni ya ukumbi. Husemwa kwamba watazamaji ni wengi, viti viko mbali, vipaza sauti havifai, na mambo madogo hayaonekani. Ni kweli kwamba jukwaa si chumba, na mwigizaji asiyesikika hajaigiza. Lakini ukubwa wa tendo si ukali wa tendo. Mume kumvua mkewe kitambaa cha kichwa taratibu na kumchagulia kingine ni tendo linaloonekana mpaka mlangoni. Mume kukaa katika kiti ambacho hakuna mwingine anayethubutu kukikalia kutwa nzima ni tendo linaloonekana hata na asiyesikia neno. Simba mwendapole ndiye mla nyama, na watu wa kijiji humwona simba huyo vizuri sana.

Hoja ya pili ni ya maadili. Husemwa kwamba mume mbaya akipewa upole na haiba, vijana watampenda na kumwiga. Hofu hii si ya kudharauliwa. Konstantin Stanislavski wa Urusi aliwafundisha wachezaji wake kwamba amwigizaye mwovu atafute mahali alipo mwema, na mafundisho hayo yakishikwa nusu humzaa mwigizaji anayemwombea mume huruma. Lakini Bertolt Brecht wa Ujerumani, aliyetoka upande mwingine kabisa wa sanaa, alidai kwamba kila mwigizaji anapoonyesha alichofanya mtu, aonyeshe pia alichoweza kufanya asifanye. Mafundisho haya mawili hayapigani kama wanafunzi wanavyodhani. Helmer na atake kwa moyo wake wote kumfurahisha Nora. Na papo hapo mkono wake uonekane ukisita juu ya ufunguo, kwa nukta moja, kabla ya kuurudisha mfukoni. Nukta ile husema kwamba njia nyingine ilikuwako. Mtazamaji humwelewa mume na humhukumu kwa pamoja. Zimwi halihukumiwi, kwa sababu halikuchagua, mtu huhukumiwa.

Hoja ya tatu ni ya mila, nayo ndiyo yenye makali zaidi. Husemwa kwamba mume wa Ulaya asiyepiga hutawala kwa werevu wa kitabu, lakini mume wa Kiafrika, akitawala, hutawala waziwazi, na kumtafutia hila ni kuiga wageni. Hoja hii yatukana wale inaojidai kuwatetea. Hakuna lugha yenye akiba ya upole wa kutawala kuliko Kiswahili. Mume hahitaji kusema "usiende arusini". Husema "nakuonea haya macho ya watu". Hasemi "usifanye kazi", husema "mke wangu ana nini cha kukosa?" Hasemi "usizungumze", husema "sitiri nyumba yako". Stara ni jambo jema, na heshima ni jambo jema. Mwana Kupona, alipomtungia bintiye utendi wa wosia mwaka 1858, alimpa njia ya kuishi katika dunia aliyoijua, kwa mapenzi ya mama anayekaribia kufa. Uovu wa mume mtawala ni kwamba huchukua maneno yaliyotunzwa na wazee kwa ajili ya utu, akayageuza kuwa kufuli. Michezo ya Kiswahili imeyagusa mambo ya mwanamke na ndoa kwa ujasiri, kama Nguzo Mama wa Penina Muhando wa mwaka 1982 na Mama Ee wa Ari Katini Mwachofi wa mwaka 1987. Watunzi wamefanya sehemu yao. Mwigizaji anayeyatamka maneno ya heshima kwa ukali huyapoteza bure. Ayatamke kwa utamu wake wote, na ukumbi utaisikia kufuli ikifunga.

Yabaki mazoezi, ambayo watazamaji hawayaoni. Katika vyuo husikika sifa za mwigizaji "aliyeingia ndani" ya mume mkali mpaka akamwumiza mwenzake, na za mwongozaji aliyemtukana mwigizaji wa kike ili machozi yake yawe ya kweli. Sifa hizo ni fedheha. Machozi yaliyopatikana kwa kutukanwa ni ushahidi wa tusi, si wa ufundi. Kila kofi la jukwaani lipangwe, lihesabiwe hatua na umbali, na anayepigwa ndiye atoe ishara ya kuanza na mwenye haki ya kusimamisha. Kikundi kinachotaka kuonyesha ubaya wa kutawala, na huku kikatawala wachezaji wake nyuma ya pazia, kimekwisha kushindwa kabla taa hazijawashwa.

Yamkini watu hawatalipenda jukwaa la namna hii. Mwaka 1880, huko Ujerumani, mwigizaji mashuhuri Hedwig Niemann-Raabe alikataa kuigiza Nora akiwaacha watoto wake, na Ibsen, kwa kuchelea mkono wa mwingine, aliandika mwenyewe mwisho ambao Nora anabaki. Baadaye aliuita ushenzi kwa mchezo wake. Kutaka faraja ni jambo la zamani. Zimwi lenye fimbo ni faraja ya namna hiyo hiyo, ila huvaa nguo za ukali. Mwigizaji akatae kuitoa. Apime kazi yake kwa jambo moja: pazia likisha kushuka, je, wako waume waliochelewa kupiga makofi? Ikiwa wapo, hata watatu, na ikiwa kando yao wapo wake waliotazama mikono yao bila ya kusema neno, mume mtawala ameonyeshwa. Ikiwa wote walishangilia kwa mara moja, wameonyeshwa mtu asiyekuwako.